Historia ya Majina ya Maradhi ya Viungo

Mtu mzima wa Chanzuru, katika wilaya ya Kilosa, akiamka alfajiri na kukuta magoti yake hayakunjiki, hasemi kuwa amepatwa na maradhi asiyoyajua. Jina analo tayari: ni baridi yabisi. Bibi aliyeinama na jembe tangu usichana wake ana baridi yabisi. Kijana aliyepona homa, lakini vifundo vyake vikabaki vikimwuma kwa miezi, naye ana baridi yabisi. Na mtoto ambaye juzi alivimba goti, leo akavimba kiwiko, huyo naye husemwa vivyo hivyo. Jina ni moja, walakini wagonjwa hawa watatu hawana ugonjwa mmoja, wala dawa ya mmoja haimfai mwenziwe.

Katika insha hii nakusudia kueleza jina hilo limetoka wapi, na kulilinganisha na jina jingine la maumivu ya viungo, lililozaliwa katika nchi hii hii na kuenea duniani kote, yaani chikungunya. Si nia yangu kuwacheka wazee wetu kwa majina waliyotuachia, maana tutaona kuwa wenye elimu nyingi walikosea pale ambapo wasio na vitabu walipata. Nataka kuonyesha kuwa jina la maradhi laweza kufumbua macho na laweza kuyafumba, na kwamba yakifumbwa, anayelipa ni mgonjwa.

Tuanze na baridi yabisi. Maneno haya mawili asili yake ni Kiarabu. La kwanza limekuwa letu kabisa hata hakuna anayelidhania kuwa geni. La pili maana yake ni kavu, na Waswahili hulitumia kwa kitu kilichokauka kikawa kigumu. Mtu akiyasikia pamoja hufikiri kuwa ni khabari ya hali ya hewa: umande, mvua za masika, au kuoga maji ya baridi. Kwa hakika maneno haya ni istilahi ya utabibu, na umri wake ni mkubwa kuliko Kiswahili chenyewe.

Matabibu wa Kiyunani, na mkubwa wao katika jambo hili ni Galen aliyeishi katika karne ya 2, walifundisha kuwa mwili wa mwanadamu una maji ya namna nne: damu, balghamu, safura na sauda. Kila namna ina tabia mbili. Damu ni ya moto na majimaji, balghamu ni ya baridi na majimaji, safura ni ya moto na ukavu, na sauda ni ya baridi na ukavu. Afya ni maji hayo kuwa sawasawa, na maradhi ni moja kuzidi mengine. Elimu hii ilipokewa na wanavyuoni wa Kiislamu, ikapangwa vizuri katika kitabu cha Kanuni cha Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, na vitabu vya tiba vya Kiarabu vikaifikisha hata pwani yetu. Ushahidi wake umo vinywani mwetu mpaka leo. Tunasema belghamu kwa makohozi, na safura kwa ugonjwa wa kupungukiwa damu uletwao na minyoo. Na tukisema baridi yabisi, twataja bila kujua zile tabia mbili za sauda.

Basi jina hili halikutoka kwa mtu aliyeketi kando ya mgonjwa akamtazama. Lilitoka katika nadharia. Tabibu alijua kwanza, kwa kusoma, kwamba mwili hukakamaa kwa baridi na ukavu, kisha akamtazama mgonjwa na kuiona nadharia yake ndani ya goti lake. Nadharia hiyo imekufa zamani. Utabibu wa kisasa haufundishi kuwa sauda ndiyo iumizayo viungo. Lakini jina lilibaki likitembea peke yake, kama mtumwa aliyefiwa na bwana wake asijue kuwa yu huru.

Wala tusidhani kuwa kosa hili ni la Waswahili na Waarabu tu. Neno rumatizimu, litumiwalo na Wazungu, linatoka katika neno la Kiyunani lenye maana ya mtiririko, kwa kuwa walidhani kuna maji mabaya yanayotiririka kutoka kichwani na kushukia viungoni. Gauti, ambayo Kiswahili huiita jongo, ni neno litokalo katika Kilatini kwa maana ya tone, kwa imani kuwa sumu hudondoka tone kwa tone ndani ya kifundo. Mwaka 1848 tabibu Mwingereza Alfred Baring Garrod ndipo alipoonyesha kuwa wagonjwa wa jongo wana asidi ya yuriki nyingi katika damu, na mwaka 1859 akaupa jina lake ugonjwa mwingine ambao watu walikuwa wakiuchanganya na jongo. Hapo ndipo mabingwa wa Ulaya walipoanza kuligawa lile fungu moja katika mafungu yake, na kazi hiyo iliwachukua miaka mingi.

Sasa tutazame majina yaliyozaliwa kwa njia nyingine. Mwaka 1870 Unguja ilipatwa na ugonjwa uliosambaa upesi. Mtu aliyekuwa mzima asubuhi aliweza kuanguka kabla ya jioni kwa homa na maumivu makali ya viungo. Wachache walikufa, lakini wengi walibaki na viungo vilivyokakamaa muda mrefu baada ya homa kwisha. Tabibu James Christie, aliyekuwa akifanya kazi mjini Unguja wakati huo, aliandika mwaka 1872 kuwa wenyeji waliuita ugonjwa huo kidinga pepo. Jambo la kuangaliwa ni kwamba wenyeji hawakulitunga jina hilo wakati ule. Wazee waliufahamu ugonjwa kwa sababu waliwahi kuuona karibu mwaka 1823, wakauita kwa jina lile lile. Miaka 47 ilikuwa imepita, na hapakuwa na kitabu kilichouandika, ila jina lilihifadhi khabari.

Christie aliona jambo jingine. Miaka michache baada ya tauni ile ya kwanza ya Unguja, yaani mwaka 1827 na 1828, ugonjwa wa namna hiyo ulifika visiwa vya Karibi, na huko ukaitwa kwa neno lililogeuka kuwa dengi. Yeye alifikiri kuwa neno hilo ni lile lile la Kiswahili, lililovuka bahari pamoja na watu. Mwaka 1971 mwanachuoni Donald Carey alizipima tena khabari hizi zote, akatoa hoja kuwa ugonjwa wa Unguja wa 1823 na 1870, kwa kuwa uliacha maumivu ya viungo ya muda mrefu, yaelekea haukuwa huu uitwao dengi leo, bali chikungunya. Kama hoja yake ni ya kweli, basi jina letu lilichukuliwa na kuvishwa ugonjwa mwingine, na ugonjwa wenyewe ukabaki bila jina katika vitabu vya mabingwa kwa zaidi ya miaka 100. Nasi leo twaiita dengi kidingapopo: lile jina la wazee limeturudia, pepo akageuka popo, wala hatuna hakika kuwa limeurudia ugonjwa wake.

Jina jipya lilitoka Newala. Uwanda wa juu wa Makonde, uliokuwa wakati huo katika Jimbo la Kusini la Tanganyika, hauna mito juu yake. Wanawake walishuka mabondeni kuteka maji, wakapanda nayo kwa taabu, na maji yaliyopatikana kwa shida namna hiyo hayakumwagwa ovyo. Yaliwekwa ndani ya nyumba katika vyombo. Mwaka 1952 ukazuka ugonjwa ulioendelea hata 1953. Homa ilikuja kwa ghafula, na pamoja nayo maumivu ya viungo makali kiasi cha kumfanya mtu ashindwe kusimama wima. Wenyeji waliutazama ugonjwa, wakauita kwa neno la Kimakonde lenye maana ya kujikunja na kukakamaa. Vitabu vingi vya ng'ambo huandika kuwa chikungunya ni neno la Kiswahili. Si kweli, na haifai Waswahili tuipokee sifa ambayo ni haki ya Wamakonde.

Daktari Marion Robinson aliandika dalili za ugonjwa huo, na W. H. R. Lumsden, aliyetoka katika taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe nchini Uganda, akaandika jinsi ulivyoenea. Maandishi yao yalitoka mwaka 1955. Mwaka uliofuata R. W. Ross alieleza virusi alivyovipata katika damu ya wagonjwa wa tauni ile. Ugonjwa ulifanana sana na dengi. Mtu mwenye haraka angaliridhika kuuandika dengi, na kazi ikaishia hapo. Lakini uchunguzi wa virusi ulithibitisha kuwa ni ugonjwa wa pekee, na wataalamu hao walifanya jambo la adabu na la akili: walilihifadhi jina la wenyeji. Lumsden alionyesha pia uhusiano wa ugonjwa na mbu wa jamii ya Aedes, wazalianao katika maji yaliyowekwa majumbani. Chombo kile kile kilichookoa maisha wakati wa kiangazi ndicho kilicholea mbu.

Tofauti ya majina haya mawili sasa yaonekana. Aliyesema baridi yabisi alieleza sababu aliyoidhania. Aliyesema chikungunya hakudai kujua sababu. Alisema alichokiona, yaani mtu aliyejikunja. Kwa kuwa hakusema zaidi ya alichokiona, neno lake halikupingwa na elimu iliyokuja baadaye. Virusi vilipopatikana, mbu walipojulikana, jina halikubadilika, maana mgonjwa bado alikuwa amejikunja.

Hatima ya jina hilo ni ya ajabu. Mwaka 2004 chikungunya ilizuka Lamu, wakati wa ukame, watu wakiwa wameweka maji akiba majumbani kama walivyofanya watu wa Newala, na wengi sana wa wakazi wa kisiwa kile waliambukizwa. Ikafika Mombasa, na mwaka 2005 ikavuka hata Komoro, kisha kisiwa cha Réunion, ambako kabla ya mwaka 2006 kwisha karibu theluthi moja ya watu wote walikuwa wameugua. Ikaingia Bara Hindi, na mwaka 2007 ikaonekana katika vijiji vya Italia, ikichukuliwa na mbu wa aina nyingine. Mwishoni mwa mwaka 2013 ilianza kuenea katika Karibi, katika visiwa vile vile ambavyo karibu miaka 190 kabla yake vililipokea neno dengi. Leo daktari wa Ufaransa na daktari wa Brazili wanapoandika ugonjwa huu huandika neno la mwanakijiji wa Makonde.

Msomaji ataniuliza: haya yana uhusiano gani na Chanzuru? Yanao. Mwaka 2014 Beatrice Chipwaza na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya watoto wenye homa waliotibiwa katika hospitali ya wilaya ya Kilosa. Katika damu ya baadhi ya watoto hao walikuta dalili za maambukizo ya chikungunya na ya dengi. Ni wilaya ambayo, kama wilaya nyingi za nchi hii, homa ikimshika mtoto neno la kwanza ni malaria. Basi ugonjwa uliopewa jina Newala ulikuwamo Kilosa, ila ulijificha chini ya majina mengine: siku za homa uliitwa malaria, na homa ikiisha viungo vikabaki vikiuma, ilikuwa rahisi kuuita baridi yabisi. Kijana wa Chanzuru niliyemtaja mwanzo, mwenye vifundo vinavyomwuma kwa miezi baada ya homa, aweza kuwa mmoja wao. Kwake yeye jina la kweli lina faida. Chikungunya haina dawa ya kuua virusi vyake. Mgonjwa hupumzika, hunywa maji kwa wingi na hutulizwa kwa parasetamoli, wala hapewi aspirini mpaka ijulikane kuwa si dengi, kwa khofu ya kutoka damu. Ajue pia kwamba mbu huyu huuma mchana, hivyo chandarua cha usiku hakitoshi, na pipa la maji lisilo na kifuniko ni adui wa nyumba.

Bibi wa jembe hali yake ni nyingine. Katika goti, ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu, nyama ngumu laini ya juu, ili zisisagane. Kwa miaka mingi ya kuinama, kupiga magoti na kubeba mizigo, au kwa umri, uzito wa mwili na majeraha ya zamani, gegedu huchakaa. Maumivu huzidi kwa kazi na hupungua kwa mapumziko, na ugumu wa asubuhi kwa kawaida hauzidi nusu saa. Watu humwambia akae asitembee, na hapo humdhuru kwa mapenzi, kwa sababu misuli ya paja ndiyo inayolibeba goti, na misuli isiyotumiwa hunyauka. Limfaalo ni mwendo wa kiasi kila siku, mazoezi ya kunyosha goti akiwa ameketi, kupunguza uzito kama umezidi, mpini mrefu wa jembe, fimbo ya kumsaidia, na kuugawa mzigo mara mbili. Joto humtuliza, na kwa hili wazee walisema kweli, ingawa sababu waliyoitaja haikuwa ya kweli.

Yupo pia mama ambaye viungo vidogo vya mikono yake yote miwili huvimba, na kila asubuhi hukakamaa kwa saa nzima au zaidi. Huyo hakuchakaa, kinga ya mwili wake imegeuka na kuvishambulia viungo vyake yenyewe. Mwezi wa Septemba mwaka 1948, katika kliniki ya Mayo huko Marekani, daktari Philip Hench alimpa mgonjwa wa namna hiyo kotisoni, na mwanamke aliyekuwa hajiwezi akatembea baada ya siku chache. Dunia ilishangilia, na Hench na wenzake wawili wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1950. Lakini haikupita muda ikajulikana kuwa dawa hiyo, ikitumiwa sana kwa muda mrefu, huidhoofisha mifupa na kuleta madhara mengine makubwa. Siku hizi zipo dawa nyingine, kama methotreksati, ambazo huuzuia ugonjwa usiharibu viungo, ila zataka kuanzwa mapema na kusimamiwa na daktari. Kila mwezi ambao mama huyu anaambiwa kuwa ana baridi yabisi na kuuziwa vidonge vya kutuliza maumivu, viungo vyake vinaharibika bila kurudi. Na vidonge hivyo, diklofenaki na jamaa zake, vikimezwa ovyo kwa miezi, hutoboa tumbo na kuumiza figo.

Nimemweka mtoto mwisho kwa sababu khatari yake ndiyo kubwa. Mtoto wa miaka 5 hata 15 ambaye maumivu na uvimbe vyahama kutoka kiungo hata kiungo, pamoja na homa, wiki chache baada ya kuumwa koo, yamkini ana homa ya baridi yabisi. Tazama jinsi jina lilivyojipenyeza hata hapa. Viungo vyake hupona vyenyewe, mara nyingi bila kuacha alama, na wazazi hushukuru. Ila wakati viungo vinapona, vali za moyo zaweza kuwa zimekwisha kujeruhiwa, na kila koo lingine likiachwa bila dawa huzidi kuzijeruhi, mpaka siku moja kijana anashindwa kupanda kilima kwa kukosa pumzi. Penisilini kwa koo lile la mwanzo ingalimkinga. Na sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi, yaweza kuuhifadhi moyo usizidi kuharibika. Yupo na mtoto mwingine, ambaye vidole na viungo vyake huvimba na kuuma kwa kuwa amezaliwa na selimundu, na maelfu ya watoto wa namna hiyo huzaliwa Tanzania kila mwaka. Yeye hupimwa damu, na akijulikana mapema hutunzwa akakua. Kwa watoto hawa wawili, neno baridi yabisi si kosa la lugha tu. Laweza kuwa ndilo lililowazuia kufika hospitali.

Je, tulifute neno hili katika Kiswahili? Halifutiki, wala sioni haja. Lugha hubeba mifupa ya elimu zilizokufa, na mwanahistoria hufurahi kuikuta. Lakini yafaa tulitumie kama mwanzo wa maswali. Mtu akisema ana baridi yabisi, aulizwe: ilianza lini, kwa ghafula au polepole? Palikuwa na homa? Ni kiungo kimoja au vingi, vikubwa au vidogo? Yazidi asubuhi au baada ya kazi? Ni mzee au ni mtoto? Maswali haya hayahitaji mashine. Bibi aweza kumwuliza mjukuu wake, na mwalimu aweza kumwuliza mwanafunzi, na majibu yake yatatosha kumjulisha ni nani wa kukandwa kwa maji ya moto nyumbani, na ni nani wa kupelekwa kwa daktari siku ile ile.

Watu wa Newala walifanya hivyo bila kufundishwa. Walimtazama mgonjwa kabla ya kusema neno, na neno walilolisema limedumu. Sisi tulirithi neno lililosemwa kabla ya kumtazama mgonjwa. Tukilisikia Chanzuru kesho asubuhi, tusiligeuze kuwa jibu. Tumwinamie aliyelisema, tulitazame goti lake.